Injini Haijafunguliwa

9 Februari

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Marahaba. Najua umeniamkia moyoni kabla hata ya kufungua bahasha, kwa hiyo nimeshaitika. Huku hatujambo. Goti langu la kushoto linagoma nikipanda ngazi, lakini ulimi haujapata hitilafu, namshukuru Mungu. Paa la jikoni halivuji tena. Baba yako mdogo alipanda mwenyewe akalipaka lami, akashuka hatambuliki, meno tu ndiyo yaliyokuwa meupe. Mama Duka wa hapo kona kajifungua mtoto wa kike. Mzuri, sikatai, ila si kama ulivyokuwa wewe. Wewe ulizaliwa na nywele mpaka wauguzi wakaitana waje kutazama.

Sasa kaa kitako. Umekaa? Kampuni yako imekuja nyumbani kwangu.

Watu watatu, mwanangu! Mkubwa wao mrefu kama mlingoti wa bendera, kavaa tai na jua lile, hapa mtaani wameshambatiza Bwana Tai. Wa pili kabeba kamera begani kama mtu anayehama na kabati. Wa tatu msichana mkalimani, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekatazwa kupiga kelele tangu utotoni. Wakasema wanamtafuta Mjerumani. Nikataka kuwaambia hapa haishi Mjerumani yeyote, kumbe wanaulizia gari! Gari la marehemu baba yako, lililobeba maharusi wa mji huu mpaka watoto wa maharusi hao nao wakaja kulikodi.

Bwana Tai akalizunguka polepole, mikono nyuma, kama daktari anayezunguka kitanda cha mgonjwa tajiri. Akachungulia kipima mwendo, akaambiwa tarakimu zilishafika mwisho zikaanza upya. Akatikisa kichwa. Ndipo akatamka: kampuni inataka kulichukua likakae kwenye jumba lao la historia, hilo hilo unalotembezea wageni. Litasimamishwa juu ya jukwaa, limulikwe taa. Nikamwambia msichana, "Mwambie bosi wako, binti yangu ndiye profesa wa hilo jumba." Akatafsiri. Bwana Tai akainama. Mtu mrefu vile, akaniinamia mimi!

Baba yako mdogo alikuwepo na ovaroli yake. Alifungua boneti akataka kueleza hiki na kile, mpigapicha akamwomba asogee, anaziba mwanga. Akasogea, na tangu siku hiyo kanuna. Aliyehojiwa ni mimi. Nilivaa lile gauni la bluu. Nimejibu vizuri mno, utaona mwenyewe. Lori la kulichukua litakuja Julai.

Jambo moja tu limeniudhi. Wanasema wewe ndiye uliyewaonyesha picha ya gari. Mbona hukuniambia wanakuja? Ningepaka ukuta rangi. Mama wa profesa amepigwa picha na ukuta uliobabuka!

Mimi mama yako, ninayekuombea kila nikifumba macho.


22 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa njiani, nami niliisoma nimesimama mlangoni hata koti sijavua. Nimefurahi kuhusu paa. Mwambie Mama Duka hongera, na Baba Mdogo mwambie ahsante. Mimi mzima. Nimehama, sasa nakaa ghorofa ya nne. Jirani yangu ana kinanda na hajui kukipiga, lakini hakati tamaa.

Ndiyo, picha niliionyesha mimi. Ipo mezani kwangu kazini, Baba ameegemea mlango wa gari kama mtu aliyeliumba. Mkuu wa jumba aliiona akauliza, nami nikajisifu. Unajua nilikoitoa tabia hiyo. Sikujua kama wangefunga safari.

Mama, gari lisitoke. Usitie sahihi karatasi yoyote. Nina sababu, na sitaki kuiandika kabla hujanijibu swali moja: ulipoulizwa kuhusu injini ulisema nini? Niandikie maneno yako yale yale uliyoyasema.

Labda nikueleze kazi yangu ilivyo, maana uprofesa umenipa wewe. Nawapokea wageni mlangoni. Naanza na mwanzilishi, sanamu yake ina masharubu na mkono mmoja juu ya mashine ya kukerezea chuma. Halafu gari la kwanza, ndani ya kioo. Halafu vikombe vya mashindano. Halafu tunafika kwenye vita, na hapo nimeagizwa nisikae sana. Ukutani kuna picha moja ya watu wamepangwa mstari mbele ya kiwanda, wamekonda, hawaitazami kamera. Wageni huuliza ni akina nani. Nimepewa sentensi moja ya kujibu: "Wafanyakazi wa wakati wa vita." Sentensi haisemi kwamba waliletwa kwa nguvu. Haisemi jina la hata mmoja. Tukimaliza hapo tunaingia Chumba cha Sifa, kwenye magari yaliyokwenda mbali bila kuchoka, na wote wanasahau ile picha.

Huko ndiko wanakotaka kumweka Mjerumani wetu. Nami najua sentensi moja inaweza kufanya kazi gani.

Nijibu swali langu, Mama.

Binti yako.


11 Aprili

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa leo nimeitika kwa shida. Sisi hatujambo. Maziwa ya Mama Duka yamekauka, anamnywesha mtoto ya kopo. Goti limetulia. Habari zimeishia hapo.

"Gari lisitoke." Unamwamrisha nani? Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni nikapanga foleni ya shule mpaka mwalimu mkuu akakuandikisha ili tu nimtoke mbele ya macho? Leo umepanda ghorofa ya nne unanitupia amri kutoka dirishani, kama anayemwaga maji ya vyombo!

Nimeisoma barua yako mara mbili nikakuelewa. Unaona haya. Ndiyo, haya! Wageni wako wataliona gari lililotoka kwenye ua wetu wa mawe, watauliza la nani, nawe itabidi useme la baba yangu. Ndiyo maana umenipa hadithi ndefu ya masharubu na vikombe na watu wa vitani, Mungu awarehemu. Mimi na watu wa vitani tumeingilianaje? Nimekuuliza habari zao? Mjerumani wetu hajapigana na mtu.

Tena nikwambie, umechelewa. Sahihi nilishaitia siku ile ile, kwa herufi nzuri, mpaka msichana mkalimani akasifu mwandiko. Mtaa mzima unajua. Mwalimu, jirani yetu, kaja kuuliza kama jina la ukoo litaandikwa. Nilimwambia litaandikwa kwa dhahabu. Sasa nikamwambie nini, profesa wangu kaota ndoto mbaya?

Unauliza nilisema nini kuhusu injini. Injini ni injini. Nilisema nzuri. Ulitaka niseme mbaya?

Baba yako mdogo hajakanyaga hapa wiki nyingi. Ukuta niliotaka aupake umebaki vile vile. Nilimtumia ujumbe, akajibu ana kazi. Kazi gani, na gereji yake haina hata baiskeli? Ni wivu. Hakupigwa picha, basi kanuna kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Kula vizuri. Vaa soksi nzito. Usidhani nimekusamehe.

Mama yako.


30 Mei

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa hasira, kwa hiyo nitafupisha salamu. Mimi mzima, na soksi nimevaa.

Hukunijibu, ila si lazima, kwa sababu jibu nilishalisikia. Nilitaka ulitamke wewe.

Mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha, mkuu alituita wafanyakazi wote kwenye chumba kikubwa, akazima taa, akaonyesha filamu ukutani. Nikakuona. Mama, uso wako ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Gauni la bluu lilikupendeza. Nikamgusa mwenzangu nikamwambia, "Yule mama yangu." Kisha Bwana Tai wenu akauliza, nawe ukajishika kiuno ukasema, "Injini haijafunguliwa. Tangu itoke kwenu mpaka leo, haijaguswa na mkono wa mtu." Watu walipiga makofi, Mama. Wengine walisimama. Mimi nilikuwa katikati yao, mikono nimeikalia.

Haijaguswa na mkono wa mtu!

Mara ya kwanza ilipofunguliwa nilikuwa darasa la tatu. Mlifunga geti, mkatandaza turubai, mkawaambia wateja gari limesafiri. Nilikaa kando ya beseni la mafuta ya taa nikiosha bolti, nawe ulinipigia kelele kwa sababu ya sare ya shule. Mara ya pili Baba aliwaandikia hawa hawa kuomba pistoni. Wakamjibu kwamba vipuri vya gari la aina hiyo hawatengenezi tena, wakamshauri anunue jipya. Unakumbuka alivyocheka? Ndipo yeye na Baba Mdogo wakayeyusha pistoni chakavu pamoja na sufuria zako mbili, wakamimina kwenye udongo, wakakereza, wakapima, wakatupa, wakamimina tena. Ulilia kwa ajili ya zile sufuria. Mara ya tatu ilikuwa mwaka kabla hajaugua, na alishakonda, Baba Mdogo akawa anamshikia spana.

Gari lile lilipaswa kufa zamani, na wenyewe waliolitengeneza walishalizika. Iliyoliweka hai ni mikono ya watu wawili. Sasa kampuni italisimamisha kwenye Chumba cha Sifa na kusema hiyo ni sifa yake. Nami, mwanawe, nitalipwa mshahara wa kuwaambia wageni hivyo kila siku, kisha niwapeleke kwenye choo na mgahawa.

Nilikwenda kwa mkuu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa heshima, hakasirikagi yule. Akasema, "Mama yako ameshuhudia mbele ya kamera. Wewe ulikuwa mtoto. Nimwamini nani?"

Kwa hiyo mimi siwezi kuliondoa neno lile. Anayeweza ni wewe peke yako. Waandikie, au mwambie yule msichana wakija. Ukinyamaza, Baba hakuwahi kufanya kazi.

Binti yako.


24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto wa Mama Duka ameanza kucheka. Bomba la mtaa limekauka, tunachota kwa mwalimu.

Umemaliza kunisuta? Basi nami nina mdomo.

Yule mtu aliuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia gari limetunzwa. Akamtazama msichana kama aliyeletewa chai bila sukari. Mara ya pili nikamwambia mume wangu alikuwa fundi hodari, hapa mjini hakuna wa kumfikia. Mpigapicha akashusha kamera! Akaishusha, mwanangu, nikaona safari yote ya Mjerumani inazimika pale pale. Ndipo akauliza mara ya tatu, "Kwa hiyo halijafunguliwa kamwe?" Jibu alishalishika mkononi, akitaka nilipokee tu. Nikalipokea. Ukiwa na mwali ndani na wachumba wako sebuleni, unawaambia kwamba aliwahi kuugua?

Na huyo baba yako unayemlilia, alikuwa akisema nini yeye? Mteja akija kukodi, anafuta mikono, anapiga boneti kofi, anasema, "Injini haijafunguliwa, bwana, endesha uone." Kwa kinywa chake! Ndiyo kazi ya gari la kukodi. Nani atapanda gari la harusi lililopasuliwa tumbo? Tulikula kwa maneno hayo. Ulisoma kwa maneno hayo. Leo yamekuwa dhambi kwa sababu nimeyasema mimi nikiwa na gauni?

Baba yako mdogo amekuja hatimaye. Nadhani umemwandikia, usikatae. Hakuketi. Akasimama mlangoni na ile kofia yake.

"Shemeji, nimesikia miaka yote ile nilikuwa likizo."

"Likizo gani?"

"Si injini haijafunguliwa? Sasa mimi nilikuwa nafungua nini, soda?"

Nikamwambia apunguze sauti, majirani wana masikio.

"Wasikie! Na kaka yangu alikuwa anaingia uvunguni mle kufanya nini? Kupunga upepo?"

"Wewe Plagi," nikamwambia, "sema tu kwamba unataka jina lako lisomwe Ulaya."

"Langu? Mimi jina langu nani analijua, hata wewe umelisahau, unaniita Plagi. La kaka yangu, shemeji. Nilimshikia taa mtu yule mpaka vidole vyake vikashindwa kukunjika. Nawe umemfuta kwa sentensi moja, tena umesimama mbele ya gari lake!"

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka. Chai niliyokuwa nimemmiminia ikapoa, nikaimwaga.

Sasa sikilizeni nyote wawili. Mume alikuwa wangu. Nilimwosha mimi, nilimlisha mimi, nilimzika mimi. Msinifundishe namna ya kumkumbuka. Gari lake litasimama Ulaya kwenye taa, watu wataona, na mimi nimeridhika. Lori linakuja katikati ya Julai. Sitaki barua nyingine juu ya jambo hili. Niandikie kuhusu kinanda.

Mama yako.


8 Julai

Mama,

Shikamoo. Jirani ameuza kinanda.

Nimechoka kugombana na wewe karatasini, tena hasira yangu inakufikia ikiwa imeshapoa na yako inanifikia ikiwa bado inachemka. Basi. Lilete. Mkuu ameniambia ama nitasoma maneno ya kibao kitakachowekwa kando ya gari kama yalivyo ama nitafute kazi nyingine, nami nimemwambia nitayasoma. Nitasimama kando ya gari la Baba kila siku na kusema halijaguswa. Nitayasema kwa sababu ni maneno yako, na sitaki watu wa huku wamwite mama yangu mwongo. Usinishukuru.

Goti lako vipi? Hukulitaja.

Binti yako.


21 Julai

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Marahaba mara mia. Sisi wazima, ila mikono yangu ina grisi hata sabuni ya unga imeshindwa, kwa hiyo ukiona alama za vidole kwenye karatasi hii usidhani ni uchafu wa posta.

Lori lilikuja Alhamisi. Mtaa ulijaa kama mechi ya fainali. Nilikuwa nimempiga Mjerumani sabuni tangu alfajiri, nikampaka mafuta matairi, akawaka. Bwana Tai kashuka na tai nyingine, ya kijani. Msichana wetu yupo, kamera ipo. Kisha wakashusha kitu kimefungwa kwa kitambaa, wakakifungua: kibao cha shaba, kinang'aa, maandishi ya kuchonga. Wanataka nipigwe picha nimekishika. Nikakishika. Kizito! Nikatafuta jina la ukoo, sikuliona. Nikamwambia msichana, "Nisomee."

Akasoma polepole. Gari hili limetoka kiwandani kwetu mwaka fulani. Limefanya kazi katika nchi ya joto na vumbi. Injini yake haijafunguliwa. Hapo nikachekelea, maneno yangu hayo. Kisha akashusha sauti, akanong'ona kitu.

"Rudia," nikamwambia.

"Halikuhitaji fundi."

"Rudia kwa sauti, mama, watu wasikie."

"Halikuhitaji fundi."

Mwanangu! Mwalimu alitazama viatu vyake. Nami nikahisi kama mtu amefungua kabati langu, akatoa nguo zote za baba yako, akazitupa barabarani, kisha akaniuliza kama ninapenda hewa iliyoingia. Mimi mke wa fundi! Mikono ya fundi ndiyo iliyonilisha, grisi ya fundi ndiyo niliyoifua miaka yote ya ndoa yangu! Nikamwambia msichana, "Mwambie huyu. Nilisema injini haijafunguliwa. Sikusema sikuwa na mume."

Akatafsiri. Bwana Tai akatabasamu, akasema ni namna tu ya kuandika. Wateja wanapenda hivyo.

Nikakiweka kibao chini. Nikatoka getini na gauni langu la bluu, nikashuka mtaa mzima hadi gereji. Baba yako mdogo alikuwa amekaa juu ya tairi, mgongo ameupa barabara, anajifanya hakusikia lori.

"Chukua spana zako," nikamwambia.

"Za nini?"

"Za kufungulia."

"Kufungua nini, shemeji? Si haijafunguliwa?"

"Wewe mzee, utanikejeli kesho, nitakuwepo. Leo chukua spana!"

Kisha akanyanyuka, akachukua sanduku lote, na njiani alitembea haraka hata mimi na goti langu tukabaki nyuma.

Tukatandika mkeka uani. Bwana Tai alipoona boneti imepanda na bolti zinaanza kushuka, alipiga kelele ambayo haikuhitaji mkalimani. Akaja kumshika mkono shemeji yangu. Mama Duka akaingia katikati na mtoto mgongoni, akamwambia, "Kaka, mguse tena uone." Hakumgusa. Akamwambia mpigapicha azime. Yule kijana akamtazama baba yako mdogo, akautazama mkeka, akapiga goti asogee karibu. Hakuzima. Nadhani naye ni fundi wa kitu chake.

Ungemsikia baba yako mdogo! Yeye anayeongea kama analipia kila neno! Alichomoa kila kitu akakilaza kwenye mkeka, akaeleza. Hii gasketi kaka yangu aliikata kwa mkasi wa kushonea. Huu mkwaruzo ulikuwepo tangu tulipokosea mara ya kwanza. Akafika kwenye pistoni, akaiinua juu, akasema, "Na hii walituambia haipo tena duniani. Tuliitoa kwenye sufuria za huyu shemeji yangu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nami nikasema kwa sauti, nikiitazama ile kamera, jina la baba yako lote, la kwake na la babake na la babu yake, na nikasema limefunguliwa. Mara tatu. Na hii ya nne.

Bwana Tai akasema kwa hali hiyo gari haliwafai tena.

"Lichukueni hivi hivi," nikamwambia, "na mchonge kibao kingine."

Akasema hana ruhusa. Akaokota kibao chake. Lori likageuka tupu, likagonga pipa la taka la mwalimu, likaenda zake. Nilikaa juu ya ngazi nikalia, sikufichi. Nilikuwa nimeshamwona Mjerumani kwenye zile taa. Nilimtaka huko, mwanangu. Nilitaka sana.

Leo nikiwa naandika haya barua yako imefika. Nimeisoma, nikapandwa na hasira upya! Nani alikwambia ukubali? Mimi naharibu uongo huku, wewe unaupokea huko? Mwambie mkuu wako shahidi amebadilisha maneno, na kama filamu haijamfikia aulize kwa nini. Wala usisimame mbele ya gari lolote ukasoma neno usiloliamini, liwe letu au la watu. Na ile picha ya vita, ukiulizwa, wajibu sawasawa. Wale nao walikuwa na mama zao. Wakikufukuza, rudi. Chumba chako kipo, paa halivuji, na baba yako mdogo anatafuta mtu wa kuosha bolti. Ila sidhani kama watakufukuza. Watampata wapi mwenye akili kama zako?

Jambo la mwisho. Jana jioni kazi ya kulifunga iliisha, na asubuhi hii tukaliwasha. Mtaa wote ulikuwepo. Nikaingia mwenyewe, nikageuza ufunguo, na likawaka pale pale, mara moja tu, kama

Baba yako mdogo amesimama nyuma yangu na kikombe chake, anasoma, ananigonga bega.

Haya. Tulilisukuma mpaka kona. Liliwaka mara ya nne.